Kadi ya mlango nayo inahesabu saa zako

Wengi wetu, wa saiti na wa majumbani, tunavaa kadi shingoni na kuigusisha kwenye mashine getini bila kuifikiria. Lakini kadi hiyo inagusa mshahara unaotuma nyumbani, kwa hiyo leo tuieleze.

Kadi nyingi hazina betri. Ndani mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Nguvu inatoka kwenye mashine ya mlangoni: ukiisogeza kadi, chipu inaamka na kutaja namba yake. Namba inakwenda kwenye kompyuta, nayo inaangalia: huyu ni nani, mlango huu anaruhusiwa, na saa hizi je? Ikikubali, kufuli linaachia, ti! Ndiyo maana kadi ya fundi inafungua geti lakini ofisi ya injinia haifungui, na dada wa ghorofani anakuta lifti inampeleka orofa moja tu.

Kompyuta haiishii kufungua. Inaandika namba, mlango, tarehe na saa. Hapo ndipo pesa ilipo, maana kampuni nyingi zinatumia rekodi hizo kuhesabu siku na ovataimu. Emirati, kwa mfano, sheria ya kazi inasema siku ya kawaida ni saa 8, na saa ya ziada inalipwa mshahara wa msingi pamoja na angalau asilimia 25 juu yake (kazi za majumbani zina sheria yake nyingine). Sasa geti likiharibika, sekuriti akawapitisha hivi hivi, kwenye kompyuta hukufika kazini. Palepale mtumie supavaiza ujumbe wa WhatsApp, ubaki na saa yake.

Na ile ya "nigusishie, nachelewa kidogo", tusidanganyane. Mashine inajua kadi, sura haijui. Kitu kikipotea ndani, aliyeingia ni wewe. Tena mifumo mingine inakataa kadi iliyokwisha kuingia mpaka itoke kwanza, kwa hiyo mwenye kadi unabaki nje.

Ikipotea, toa taarifa saa hiyo hiyo, usingoje kesho kwa kuogopa kukatwa. Wataifunga namba, na aliyeiokota atabaki na plastiki. Kadi mpya ikilipiwa, omba risiti. Ikikatwa kwenye mshahara, iandike kwenye daftari lako, kando ya saa ulizoingia na kutoka.