Gofu: Siri ya kupiga mpira mbali, na bei yake

Mwaka wa 2020, mchezaji wa gofu Mmarekani Bryson DeChambeau alirudi uwanjani akiwa na mwili mwingine. Alikuwa ameongeza karibu kilo 18 kwa kunyanyua vyuma na kula sana, kwa shabaha moja tu: kupiga mpira mbali kuliko wengine wote.

Alifaulu. Msimu huo aliongoza mashindano ya PGA Tour kwa wastani wa yadi 322, sawa na mita 294 hivi. Ni karibu urefu wa viwanja vitatu vya mpira wa miguu vikipangwa kimoja mbele ya kingine. Mwezi wa tisa mwaka huo alishinda US Open katika uwanja wa Winged Foot, jimbo la New York, akimwacha wa pili kwa mapigo sita.

Lakini nguvu pekee hazielezi yote. DeChambeau alisomea fizikia, na fizikia inasema kwamba mpira unakwenda mbali kwa mambo matatu: mwendo wa kichwa cha fimbo, mahali fimbo inapougusa mpira, na namna mpira unavyopaa.

Mwendo hauanzii mikononi. Mtu anayetaka kurusha jiwe ng'ambo ya mto huanza kwa kukanyaga chini, kisha anageuza kiuno, halafu bega, na mkono unafuata mwisho. Katika gofu ni vilevile. Anayeanza na mikono, huku akiibana fimbo kwa nguvu zote, anapoteza mwendo kabla hajaufikia mpira.

Mpira ukipigwa katikati ya uso wa fimbo, unaweza kuondoka na mwendo unaokaribia mara moja na nusu ya ule wa fimbo. Ukiguswa pembeni, sehemu ya nguvu inapotea na mpira unapinda. Kwa pigo la kwanza, mpira unawekwa juu ya kijiti, mkabala na kisigino cha mguu wa mbele, ili fimbo iuguse ikiwa imeanza kupanda. Hapo unapaa vizuri bila kujizungusha kupita kiasi. Wanaojifunza gofu Lubumbashi au Kinshasa wanaweza kufanya hayo yote bila kuongeza hata kilo moja.

Kupiga mbali kuna bei yake. Kule Winged Foot, katika mapigo 56 yaliyotakiwa kutua kwenye njia ya majani mafupi, ya DeChambeau yaliyotua humo yalikuwa 23 tu. Nguvu zake ndizo zilizomtoa katika majani marefu. Mwezi wa nne mwaka wa 2022 alipasuliwa mkono wa kushoto baada ya kuvunjika mfupa wa kiganja. Baadaye alibadili chakula na kupunguza uzito.

Wasimamizi wa mchezo nao wana wasiwasi. Viwanja vinarefushwa, na kila mita inadai ardhi, maji na pesa. Tangu mwaka wa 2022, mashindano ya wachezaji wa kulipwa yanaweza kukataza fimbo inayopita inchi 46, yaani sentimita 117 hivi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2023, R&A na USGA walitangaza kipimo kipya cha mipira, ambacho kingewapunguzia wapigaji wa mbali zaidi yadi 13 hadi 15.

Mwezi wa sita mwaka wa 2024, DeChambeau alishinda tena US Open, safari hii kule Pinehurst, akimpita Rory McIlroy kwa pigo moja. Kwenye shimo la mwisho mpira wake ulikuwa mchangani, mita 50 hivi kutoka shimoni. Aliutoa kwa upole ukasimama karibu na shimo, akaumalizia. Mtu aliyejulikana kwa kupiga mbali alipata kombe lake la pili kwa pigo fupi.