Daktari Mkaazi: Neno na Nyumba Yake

Mfasiri wa matini za tiba aghalabu hukwama anapofika kwa daktari aliyekwisha kufuzu lakini bado anafunzwa ubingwa wodini. Katika hospitali zetu za rufaa nchini Kenya, cheo chake cha Kiingereza kikifasiriwa sisisi huwa "msajili", na msomaji atadhani kazi yake ni kuandikisha vizazi na vifo. Wamarekani nao humwita "mkaazi". Jina hili nalo ni geni masikioni, ila lina historia inayolieleza, na historia hiyo yatupeleka katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka wa 1889.

Huko ndiko William Osler, kwa upande wa magonjwa ya ndani, na William Halsted, kwa upande wa upasuaji, walikoujenga utaratibu waliouiga Ujerumani: daktari kijana akabidhiwe wagonjwa chini ya uangalizi wa mkuu wake, na madaraka yake yaongezwe kadiri anavyokomaa. Ili awe karibu na mgonjwa usiku na mchana, alipewa chumba hospitalini. Alilala humo, akala humo. Mshahara hakuwa nao, na kuoa hakukutarajiwa. Alikuwa mkaazi kwa maana kamili ya neno.

Mafunzo ya Halsted hayakuwa na muda maalumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua ni lini mwanafunzi ameiva. Walioanza chini walikuwa wengi, waliofika kileleni wachache mno: hadi alipofariki mwaka wa 1922, wakaazi wakuu wa upasuaji aliowalea walikuwa 17 tu, Harvey Cushing akiwa mmoja wao. Sifa hizi hufunika jambo jingine. Katika miaka ya 1880, alipokuwa akiijaribu kokeini kama dawa ya ganzi, Halsted alinaswa nayo, kisha akawa mtumwa wa mofini. Sidai kwamba ukali wa mafunzo yake ulitokana na hayo. Lakini aliyeweka kipimo cha kutochoka alikuwa mwenyewe mgonjwa.

Utaratibu huo ulienea Marekani kote. Vyumba vya kulala vilitoweka, saa ndefu zikabaki. Mwaka wa 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa mikononi mwa wakaazi wenye zamu ndefu na wagonjwa tele. Babake hakunyamaza. Mwaka wa 1989 jimbo hilo liliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka wa 2003 kikomo hicho kikawekwa nchini kote.

Basi tumwiteje? "Mwanagenzi" hudokeza mtu asiyejua kitu, ilhali saa nane za usiku yeye ndiye aliyeshika kisu. Mimi naegemea "daktari mkaazi", ingawa siku hizi, zamu ikiisha, hulala kwake.