Lamu kwa siku mbili: uliza maji kwanza, kisha chakula

Mara ya kwanza nilipompeleka mama Lamu nilikosea karibu kila kitu. Tulifika Ijumaa wakati wa swala, maduka ya Usita wa Mui yote yamefungwa. Kesho yake saa nne asubuhi nikakodi mashua kwenda Takwa, maji yamekupwa, tukakwama kwenye matope baina ya mikoko mpaka jua likatuchoma. Mama hakusema neno. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na bibi yake alizaliwa Langoni. Mwaka huu aliponiambia, "Mwanangu, nipeleke tena, nataka kula mkate wa mofa kabla sijashindwa na safari," niliona hapa si pa kubahatisha.

Nilianza na mwezi. Takwa ni magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda. Watu waliuhama karne ya 17, lakini msikiti wake bado umesimama, na juu ya kibla kuna nguzo. Mkono wa bahari unaoingia huko hupitika maji yakijaa tu. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri na hukupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Ndiyo saa niliyomtia mama matopeni! Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, kwa hivyo saa ya leo haifai wiki ijayo. Zungumza na nahodha jana yake, mwambie unataka kwenda wapi, kisha saa mwachie yeye apange. Safari hii tuliondoka saa nane na nusu, tukaingia na maji, tukatoka nayo kabla hayajatukimbia.

Kutoka Mombasa basi hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na lami ipo. Panda la alfajiri ufike mchana, na kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi kwa sababu ya vizuizi vya polisi. Si kushuka na kuanza kufungua mabegi. Mokowe unapanda boti, kama nusu saa hivi unafika gati la Lamu. Ukiwa na mzee, omba msaada mapema, maana maji yakikupwa ngazi huteleza.

Malazi ndiyo yanayowaponza wengi. Nyumba za mawe za Mkomani zilijengwa kwa boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na nyumba hupanda juu badala ya kutanuka. Chumba cha juu kina upepo mzuri kweli, lakini ngazi zake ni kali. Niliuliza chumba cha chini kabla ya kuuliza bei. Epuka pia siku za Maulidi kama hukuweka nafasi mapema, maana mji hujaa wageni wanaokwenda Riyadha.

Kutembea, usitake kumaliza yote. Ngome ilikamilika 1821, miaka michache tu baada ya vita vya Shela, na ilikuwa jela hadi 1984. Leo ni makumbusho, na uwanja wa mbele yake, Mkunguni, ndipo mama alipokaa akitazama watu huku mimi nikizunguka ndani. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni ya dakika chache. Mji wenyewe, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, ndio wa kutembelewa: milango, madaka, vichochoro. Na punda hampigii mtu honi, sogea ukutani.

Sasa chakula. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, kula hapo hapo yakiwa moto. Samaki wa kupaka usimtake saa saba mchana ukadhani utaletewa. Wa kweli huagizwa asubuhi, achomwe taratibu na tui likolee. Jioni kuna mishkaki na viazi karai njiani, na juisi ya ukwaju. Mimi ningeruka mkahawa mmoja wa watalii kuliko kukosa hivyo.

Mofa haikupatikana siku ya kwanza. Nilizunguka na kuuliza mpaka nikaona haya. Mwishowe mwenye nyumba tuliyolala akasema mofa haitafutwi, huagizwa, na akatuma mtoto kwa shangazi yake Langoni. Unga wa mtama hukandwa, na mikate hubandikwa kwenye kuta za tanuri ya udongo. Tanuri hiyo ndiyo mofa yenyewe. Siku ya pili, baada ya Magharibi, ikaletwa imefunikwa kitambaa, na mchuzi wa nyama pembeni.

Mama alimega kipande, akakinusa kwanza. Alikula kimya mkate mzima, kisha akaniuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi, na kama kuna la kesho kutwa.