Toba ya Jenerali wa Liberia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Aprili 1996, mapigano yalipoingia katikati ya Monrovia. Joshua Milton Blahyi, kamanda aliyepigana uchi akiamini risasi hazitampata, anadai mwaka huo ndipo Yesu alipomtokea. Akaacha bunduki, akawa mhubiri. Filamu ya Eric Strauss na Daniele Anastasion, The Redemption of General Butt Naked, iliyooneshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2011, inamfuata akiwa mhubiri tayari.

Kinachonikera ni hesabu. Januari 2008 Blahyi aliiambia Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia kwamba waliouawa naye na wapiganaji wake hawapungui 20,000. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Aliyehudhuria mikutano ya injili, iwe Mwanza au Kisumu, anaijua desturi ya ushuhuda: dhambi ikiwa nzito, neema nayo hutukuka zaidi. Jambazi aliyeokoka huachiwa kipaza sauti muda mrefu kuliko mama aliyekuwa msengenyaji tu. Sisemi Blahyi anadanganya. Ila madhabahu humtunza mwenye dhambi kubwa, na kamera vilevile.

Filamu hupata uzito inapowageukia waliodhurika. Blahyi anawafuata, anawaomba msamaha uso kwa uso. Wapo wanaoutoa. Lakini hebu jiweke mahali pao: muuaji wa ndugu yako yuko mbele yako, wapiga picha wamekuzunguka, na dini uliyolelewa nayo inakuamuru usamehe. Utakataaje? Nyuso zao, hasa wanapokawia kujibu, zilinishughulisha kuliko mahubiri yote.

Tume katika ripoti yake ya mwaka 2009 ilipendekeza Blahyi asishtakiwe, kwa kuwa alikiri na kujuta. Wengine wengi ilipendekeza washtakiwe, nao wakabaki huru, kwani mahakama ya kuwashtaki haikuundwa. Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia, alifungwa miaka 50 mwaka 2012, lakini kwa makosa ya Sierra Leone. Mohammed Jabbateh, kamanda wa ULIMO, kundi ambalo tawi lake moja ndilo alilopigania Blahyi, alihukumiwa miaka 30 huko Philadelphia mwaka 2018, kosa likiwa kuwadanganya maofisa wa uhamiaji wa Marekani. Kwa hiyo wengi wa waliofiwa Monrovia hawajapata hukumu yoyote nchini mwao. Waliotembelewa na mhubiri huyu wamepata ombi la msamaha.

Wiki ijayo tutaitazama amri ya Rais Joseph Boakai ya mwaka 2024 kuhusu mahakama ya makosa ya vita.