Death Magnetic: Albamu Iliyobanwa Kabla ya Kufika Kwenye CD

Mashabiki wa roki nzito hawana desturi ya kulalamikia kelele. Ndiyo maana malalamiko yaliyozuka Septemba 2008 yalitushtua sisi tunaofanya kazi ya sauti. Tarehe 12 mwezi huo Metallica walitoa Death Magnetic, albamu yao ya tisa ya studio, na haikuchukua hata wiki mbili wanunuzi wakaanza kusema kwamba CD hiyo inakwaruza, inachosha masikio, na kwamba nyimbo zilezile wamezisikia mahali pengine zikiwa safi. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Naamini walikuwa na haki. Naamini pia kwamba wengi walioilaumu CD yenyewe walimlaumu asiyehusika.

Bendi hii haikuwa changa. Mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield na mpiga ngoma Lars Ulrich waliianzisha Los Angeles mwaka 1981. Mwaka 1986 walimpoteza mpiga besi wao, Cliff Burton, katika ajali ya basi nchini Sweden, na mwaka 1991 wakatoa albamu yenye jalada jeusi iliyowafikisha kwa watu ambao hawakuwahi kusikiliza roki. Kisha mwaka 2003 ikaja St. Anger, isiyo na solo hata moja ya gitaa na yenye ngoma ya snea iliyolia kwa mlio mkavu wa bati. Wengi hawakuipokea vizuri. Kwa hiyo Death Magnetic ilisubiriwa kwa hamu. Mtayarishaji mpya, Rick Rubin, aliwahimiza warudi kwenye ari ya kazi zao za miaka ya 1980: nyimbo ndefu, mapigo yanayobadilika, solo za mpiga gitaa Kirk Hammett mahali pake. Mpiga besi Robert Trujillo alikuwa anarekodi nao albamu nzima kwa mara ya kwanza. Marekani peke yake ziliuzwa nakala 490,000 katika siku tatu za mwanzo.

Kama utunzi, naipenda albamu hii. Ukiipata CD, hata kijitabu chake kinapendeza: kurasa zake zimekatwa tundu la umbo la jeneza, ukurasa juu ya ukurasa, hadi unaona kama unachungulia kaburi lenye kina. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Grammy ya ufungaji bora mwaka 2009. Kasoro imo kwenye sauti, na ili kuiona inabidi kwanza tuelewe CD inahifadhi nini.

Philips na Sony walikubaliana viwango vya CD mwaka 1980, na mwaka 1982 ikaingia sokoni Japani. Katika mpango wao, kila sekunde ya muziki hupimwa mara 44,100 kwa spika ya kushoto na mara 44,100 kwa ya kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani hupewa ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Kwa hesabu hiyo, tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa inayoweza kukaa kwenye CD ni kama desibeli 96. Hiyo ni nafasi kubwa mno. Mnong'ono na mlipuko vinaweza kukaa katika wimbo mmoja bila kimoja kumezwa na kingine.

Nafasi hiyo ina mwisho wake juu, na mafundi huuita sifuri. Sifuri ni dari ya zege: hakuna namba iliyo juu ya ngazi ya mwisho, kwa hiyo wimbi likitaka kupanda zaidi ya hapo linakatwa. Kwenye mkanda wa zamani wa sumaku, ukizidisha sauti mkanda huanza kuibana pole pole, na mara nyingi masikio hulipenda jambo hilo. Kwenye namba hakuna pole pole.

Sasa itazame ngoma moja ya snea. Fimbo inapoigonga, kilele cha mlio hudumu kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu tano za elfu za sekunde, kisha kinashuka upesi. Kwenye CD hivyo ni vipimo kama 220 tu. Lakini ndani ya vipimo hivyo 220 ndimo ulimo mshtuko wote wa pigo, ile hali ya kuhisi mtu amegonga kitu kweli. Gitaa la umeme lililopitishwa kwenye amplifaya yenye mkwaruzo lina tabia tofauti kabisa. Mkwaruzo wenyewe umeshabana sauti, kwa hiyo wimbi lake ni nene na limelala karibu usawa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika roki, basi, gitaa ndilo ukuta na ngoma ndizo zinazoutoboa. Uhai wa muziki huu uko kwenye vile vilele vya ngoma vinavyoruka juu ya magitaa.

Fundi anapotaka CD isikike kubwa kuliko ya jirani, hawezi kupandisha dari. Anachoweza ni kupandisha kila kitu kilicho chini yake. Vilele vya ngoma vinagonga dari kwanza, kwa kuwa ndivyo virefu. Kifaa kiitwacho limita huvishusha kwa haraka kabla havijafika, kisha sauti nzima inapandishwa tena, vilele vinagonga tena, vinashushwa tena. Ukifanya hivyo kwa kiasi, msikilizaji hatambui. Ukizidisha, magitaa yanapanda hadi usawa wa ngoma na ngoma zinazama ndani yake. Na usipoishia hapo, vilele vinakatwa kabisa: kwenye skrini ya kompyuta unaona wimbi lenye kichwa bapa, vipimo kadhaa mfululizo vyenye namba ileile ya juu kabisa. Ubapa huo huzaa milio mikali ambayo hakuna mtu aliyeipiga studioni. Huo ndio mkwaruzo ambao mashabiki waliusikia, na haukuwa ule wa amplifaya ya Hetfield.

Vipimo vilivyofanywa na mafundi vilionyesha kwamba katika CD ya Death Magnetic tofauti kati ya vilele na wastani wa sauti ni kama desibeli 3 tu. CD ya Master of Puppets, albamu ya bendi hiyohiyo ya mwaka 1986, ukiipima kwa njia ileile inapita 10.

Anza na wimbo wa kwanza wa Death Magnetic. Unafungua kwa mapigo ya moyo, kisha gitaa tulivu linaingia peke yake, na bado kuna hewa. Halafu bendi nzima inaingia. Hapo ndipo mwili ulipaswa kusisimka, kwa sababu utunzi umejengwa kwa ajili ya dakika hiyo. Lakini dari imeshafikiwa. Ngoma zinaingia zikiwa zimeminywa, na badala ya pigo unapata mkwaruzo mdogo kila Ulrich anapogonga. Wimbo wa nne, The Day That Never Comes, unaumia hata zaidi, maana ni wimbo wa karibu dakika nane uliotungwa ili uanze kwa upole na kumalizika kwa kasi kali. Safari yote ya wimbo huo ni kutoka udogo kwenda ukubwa. Ukiondoa tofauti ya sauti, umeondoa safari.

Tungeweza kubishana hadi leo kuhusu ladha, kama si mchezo wa video. Siku ileile CD ilipotoka, nyimbo za albamu zilipatikana pia kwa wachezaji wa Guitar Hero III. Mchezo huo unataka kila ala iwe peke yake, ili mchezaji akikosea, gitaa linyamaze huku bendi ikiendelea. Kwa hiyo watengenezaji wa mchezo walipewa sauti zilizotengana, kabla hazijapita kwenye mbano wa mwisho. Mashabiki wakazirekodi kutoka kwenye mchezo na kuziweka sambamba na CD. Nyimbo zilezile, upigaji uleule, sauti ileile ya Hetfield. Lakini upande mmoja mawimbi yana miiba na mabonde, upande wa pili ni tofali moja lililojaa. Fundi wa Uingereza Ian Shepherd aliulinganisha ukubwa wa sauti wa matoleo hayo mawili na kukuta CD imepandishwa kwa takribani desibeli 10. Sijui mfano mwingine katika historia ya muziki wa kurekodiwa ambapo umma ulipata ushahidi wa wazi namna hiyo.

Lawama za kwanza zilimwendea Ted Jensen wa Sterling Sound, New York, aliyefanya masta, hatua ya mwisho kabla ya kiwanda. Yeye alimjibu shabiki mmoja kwamba michanganyiko ilimfikia ikiwa imeshabanwa, na kwamba haikuwa kazi ya kujivunia kwake. Namwelewa. Fundi wa masta anaweza kurekebisha besi iliyozidi au ukali wa matoazi. Hawezi kumrudishia mtu kilele ambacho kimeshakatwa, kwa sababu taarifa yenyewe haipo tena. Kwa sababu hiyohiyo ushauri wa kwamba mwenye kuumia masikio apunguze sauti ya redio yake haukuwa na maana. Ukipunguza sauti, wimbi lenye kichwa bapa linabaki na kichwa bapa, ila dogo. Ulrich kwa upande wake aliitetea albamu na kusema anapenda inavyosikika.

Haya hayakuanza na Metallica. Sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana tangu utafiti wa Fletcher na Munson mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo tunazisikia besi na milio ya juu kwa shida, ikipanda kidogo tu muziki unaonekana umejaa. Kwa hiyo nyimbo mbili zikishindanishwa, iliyo kubwa kidogo hushinda, hata kama ni mbaya. Enzi za santuri kulikuwa na breki ya kimaumbile, kwani besi kubwa mno ilipanua mfereji, ikapunguza dakika za upande na hata kurusha sindano. CD iliiondoa breki hiyo. Katika miaka ya 1990 zikaja limita za kidijitali zinazochungulia kilele kabla hakijafika, na kila kampuni ikataka kumpita mwenzake. Californication ya Red Hot Chili Peppers, ya mwaka 1999, ililalamikiwa kwa kasoro hiyohiyo, na mtayarishaji wake alikuwa Rubin huyohuyo.

Kilichopunguza mashindano hayo ni hesabu mpya ya kupima sauti. Mwaka 2010 muungano wa vituo vya utangazaji vya Ulaya ulitoa pendekezo la R 128, linalotaka vipindi vilinganishwe kwa ukubwa unaosikika, si kwa urefu wa kilele. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zikafuata njia hiyo kwa viwango vyao. Wimbo uliobanwa unashushwa wenyewe, wimbo wenye nafasi unabaki mahali pake, na ukizisikiliza nyimbo hizo sambamba ule uliobanwa ndio unaosikika mnyonge. Mwaka 2015 Death Magnetic yenyewe ilitolewa upya kwa iTunes ikiwa na mbano uliopungua sana.

Mwenye CD ya 2008 na toleo hilo la baadaye anaweza kufanya jaribio nyumbani. Usiache sauti ya redio ilipo unapobadilisha toleo. Ipunguze ya CD hadi sauti ya Hetfield iwe sawa kwa ukubwa katika matoleo yote mawili, vinginevyo sikio litakudanganya na kuchagua iliyo kubwa. Kisha weka The Day That Never Comes, ruka hadi mwishoni ambako bendi inakwenda mbio, na usikilize snea tu.