Njiwa wamezidi juu ya bati: kwa nini sumu haiwamalize

Mwenye depo ya muhindi hapa Kolwezi anajua hasara ya njiwa. Asubuhi wanashuka kwenye mifuko, mangaribi wanalala juu ya bati, na mavi yao yanaanguka ndani ya maji ya mvua tunayoyakinga. Mutu akichoka, anachanganya muhindi na sumu ya panya ao dawa ya wadudu wa shamba, anamwaga nje.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Njiwa aliyekula sumu hafi palepale sikuzote. Anaruka, anaangukia parselle ya jirani, watoto wanamuokota, wanamuchoma na wanakula. Kuku nao wanadonoa mabaki. Sumu iliyowekwa juu ya ndege inaingia ndani ya chungu cha mama asiyejua kitu.

Zaidi ya hayo, kuua hakusaidie. Muji wa Basel, kule Uswisi, ulijaribu. Kati ya 1961 na 1985 waliua njiwa karibu 100,000 kwa mitego na bunduki, lakini hesabu ilibaki palepale: karibu 20,000. Sababu ni nyepesi. Njiwa anataga mayai mawili, anayalalia siku kama 18, na kama chakula kipo anaweza kuzaa mara nyingi kwa mwaka. Ukiua kumi, chakula chao kinabaki, na watoto wa wengine wanashiba na kukua.

Kuanzia 1988 Basel ilibadili njia. Waliomba wakaaji waache kuwalisha njiwa, wakajenga vibanda vya njiwa na kutoa mayai humo. Ndani ya miaka kama mine, njiwa walipungua nusu. Augsburg, kule Ujerumani, nao wana vibanda: mayai ya kweli yanatolewa, ya uongo yanawekwa, na jike analalia bure. Ukiyaondoa tu bila kuweka mengine, anataga tena haraka. Barcelona, tangu 2017, inatoa muhindi wenye dawa ya nikarbazini, inayozuia mayai yasianguliwe. Dawa hiyo inatumiwa pia kwa ugonjwa wa kuhara wa kuku, lakini njiwa lazima waikule kila siku kwa kipimo. Usiijaribu wewe mwenyewe.

Sisi tufanye nini? Tuanze na chakula. Muhindi mwingi unatufikia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na kila mufuko unaopasuka kwenye kupakua ni karamu ya njiwa. Kufagia mara moja na kufunika mifuko kunapunguza njiwa kuliko sumu. Makapi ya soko na mabaki ya bukari, yatiwe kwenye pipa lenye kifuniko.

Halafu funga matundu chini ya bati kwa waya wa kuku. Lakini angalia kwanza: kama kuna vifaranga, ngoja karibu mwezi mumoja waruke. Ukiwafungia ndani watakufa na kuoza juu ya kichwa chako.

Wenye kufuga njiwa, na ninyi mna kazi: mutoe mayai yanayozidi, musiache ndege waende kutafuta makao kwenye nyumba za wengine.

Na mavi yaliyokauka, musiyafagie kavu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoingia mapafuni, na kwa mutu mwenye ukimwi asiyepata dawa inaweza kufika mpaka kwenye ubongo. Mwaga maji kwanza, funga mdomo na pua, kisha fagia.

Njiwa hawataisha, na si lazima waishe. Tunataka wawe wachache, bila mutoto yeyote kulipa kwa maisha yake. Ukiona muhindi wenye rangi ya ajabu umemwagwa njiani, usiuguse kwa mikono: itisha watoto, fungia kuku, na umuambie shefu wa kartie siku ileile.