Mashine ya Mayai Yasema 37.5, Mbona Vifaranga Hawatoki?

Vijana wengi siku hizi wanajitengenezea mashine za kuangulia mayai: sanduku la mbao, taa, feni ndogo, bodi ya Arduino Uno na kihisi joto cha LM35. Nami nilitengeneza yangu, na jirani akaniamini na treyi nzima ya mayai ya kienyeji. Kwa siku 21 kioo kilionyesha nyuzi 37.5, joto linalotakiwa kwenye mashine yenye feni. Siku zikapita, hakuna hata kifaranga mmoja aliyetoboa ganda. Nilipoweka kipimajoto kingine kando ya mayai, kikasoma 34.5.

Nikalaumu kihisi, kumbe nakionea. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Bodi huulinganisha umeme huo na umeme inaotumia yenyewe, kisha huugawa katika vipande 1,024. Programu nyingi tunazonakili huchukulia kuwa bodi inapata volti 5 kamili. Chaja yangu ya simu, pamoja na waya mrefu mwembamba, ilikuwa ikifikisha volti 4.6 tu. Basi nyuzi 34.5 zikasomeka 37.5, na bodi ikazima taa mapema. Mayai yalikaa na baridi wiki tatu.

Ukiona namba usizoziamini, fuata hatua hizi.

Kwanza, pima kwa mita volti zilizo kati ya pini ya 5V na GND, huku feni na taa zinafanya kazi. Ukipima vyote vimezimwa utadanganyika.

Pili, ongeza kwenye programu amri ya analogReference(INTERNAL). Uno itatumia kipimo chake cha ndani cha volti 1.1, ambacho hakifuati chaja. Kila kipande kitakuwa takriban sehemu ya kumi ya nyuzi, badala ya nusu nyuzi. Kipimo hicho hutofautiana kati ya bodi na bodi, kuanzia 1.0 hadi 1.2, kwa hiyo pima pini ya AREF na uandike namba yako kwenye hesabu.

Tatu, weka kihisi usawa wa mayai, mbali na taa. Namba zikirukaruka, kagua nyaya zilizolegea kabla ya kununua kihisi kipya.

Nne, soma mara kumi utoe wastani.

Wanaotumia DHT11 wajue kwamba kinaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Kwa kujua hali ya chumba kinatosha, kwa mayai hakitoshi.

Mwisho, iache mashine iwake siku nzima bila mayai, na kipimajoto cha pili ndani, uandike namba za vyote viwili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Treyi ya jirani nililipa kutoka mfukoni mwangu.